Uso wa Chano Upande wa Wafu

Boyle Heights, Los Angeles
29 Juni 1969

Shangazi Elodia mpendwa,

Nimemchora mtu aliye hai upande wa wafu. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si padri, si wenzangu wa ukutani. Wewe ndiye wa kwanza kujua.

Ngoja nikueleze vizuri, maana hujafika huku tangu nikiwa darasa la saba. Bucha la Bwana Eleuterio bado lipo, na ule ukuta wake mrefu wa ubavuni bado unatazama barabara kuu, ile waliyoipitisha katikati ya nyumba za watu. Mwezi wa tatu Fidencio Arvizu alirudi kutoka Mexico. Alikwenda kutazama kuta walizochora wale mabingwa wa zamani, akarudi na kitabu kinene na ndevu, na sasa sote tunamwita Mwalimu. Anasema picha iliyofungiwa ndani ya nyumba ni ya mwenye nyumba, lakini picha ya ukutani ni ya kila anayepita. Bwana Eleuterio akampa ukuta kwa sharti moja tu, asichorwe ng'ombe anayelia.

Upande wa kushoto ni wa walio hai. Kuna bi harusi, kuna tanuri la mikate, kuna wanafunzi wanaotoka shuleni kwa mgomo. Upande wa kulia ni wa vijana wetu waliokufa Vietnam. Katikati umesimama mmea mmoja mkubwa wa mahindi, na mizizi yake yote imeelekea kulia. Kila mama aliyefiwa ameleta picha ya mwanawe. Tunaichora miraba midogo juu ya picha na miraba mikubwa juu ya ukuta, kisha tunahamisha mraba mmoja mmoja, mpaka kichwa cha mtu kinakuwa kikubwa kama mlango.

Msichana ni mimi peke yangu. Mwanzoni niliosha brashi. "Otilia, ukimaliza hizo tuletee kahawa." "Otilia, usipande jukwaani, upepo utatuonyesha sketi." Nikawa navaa suruali ya kaka na kunyamaza. Siku moja Mwalimu alikuta nimerekebisha sikio la mtu bila ruhusa. Akalitazama sana, kisha akasema, "Basi kesho mchukue Anselmo."

Anselmo ni mtoto pekee wa Bi Trinidad. Unamkumbuka Mama Anselmo, nyumba yake ilikuwa ya kwanza kubomolewa barabara ilipokuja. Katika kuhama, sanduku la picha lilipotea. Alibakiwa na moja tu, ya Anselmo na sare ya jeshi. Aliibusu kabla ya kunipa, kama mtu anavyombusu mtoto anayekwenda shule.

Shangazi, upepo uliichukua. Nilikuwa nimekwisha kuchora kofia, mabega na sikio moja. Niliibana picha kwa kibanio cha nguo, likapita lori, na nilipogeuka niliiona inavuka uzio. Nikaiona inatua barabarani. Nikayaona magurudumu. Barabara ile ile iliyomlia nyumba yake.

Sikusema. Nilijiambia ninamjua Anselmo tangu utotoni, nitamkumbuka. Lakini kila nilipofumba macho nilipata kofia tu, na chini ya kofia hamna kitu. Na kila mchana Feliciano Quezada wa duka la mikate, yule tunayemwita Chano, alikuwa anakuja na mikate iliyobaki jana, anasimama chini ya ngazi na kuanza maneno. "Dada Otilia, mchekeshe huyo bwana! Anaonekana kama amenyimwa chakula." Nilikuwa namtazama yeye, natazama ukuta, namtazama tena. Kabla sijamaliza jicho la pili nilikwisha kujua ninachofanya. Nikamaliza.

Wenzangu walicheka. "Jamani, huyu si Chano huyu?" Chano akainamisha kichwa huku na huku, akasema, "Mimi mzuri zaidi. Ila pua kaipata." Mwalimu akawanyamazisha. Alisema vijana wetu wote wana uso mmoja, na kwamba hiyo ndiyo maana ya ukuta. Kisha akaniambia uso niliouchora ni mtamu mno, unafanana na zile kalenda za bucha zenye shujaa aliyembeba binti mfalme.

Ijumaa alikuja Mama Anselmo. Macho yake yameingia ukungu sasa. Walimpandisha juu ya sanduku, akagusa kidevu, akagusa mdomo. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Tazameni anavyocheka." Watu wote walilia. Aliponiuliza picha yake nilimwambia Mwalimu anazihifadhi zote mpaka kazi iishe. Kwa hiyo nina uongo mwingine juu ya ule wa kwanza.

Na jana Chano amepata barua ya kuitwa jeshini. Anaondoka tarehe saba.

Nifanye nini, Shangazi? Wewe umekulia miguuni pa Babu akichora yale mabati ya shukrani. Niambie.

Mtoto wako wa ubatizo,
Otilia


El Paso
8 Julai 1969

Otilia binti yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni na maharage yakaungua. Mjomba wako amekula mkate mkavu kwa ajili yako.

Babu yako, Mungu amrehemu, hakuwahi kuona mabingwa wala vitabu vyao. Alichora juu ya bati, na bati lenyewe la makopo ya mafuta. Mtu alikuja, akasimulia: punda alinipiga teke, mke wangu aliugua, nilianguka kisimani, nikamwita mtakatifu fulani nikapona. Babu akachora punda, akachora kitanda, akamweka mtakatifu kwenye wingu pembeni, na chini akaandika shukrani. Kanisa zima lilijaa mabati yake. Siku moja alikuja mtu aliyefiwa na ndugu zake kwenye mafuriko, yeye akapona. Akataka achorwe pamoja nao, wote majini, kwa mapenzi. Babu alikataa. Akamwambia, "Wewe bado unakula. Njoo peke yako nikuchore umesimama nchi kavu."

Sikuambii huu ni uchawi. Nakuambia kuna mwanamke aliyemzaa huyo Chano, na atapita hapo.

Kwa hiyo sikiliza. Pua ni viboko vitatu vya brashi. Panda siku ambayo hakuna watu, badilisha pua, nenepesha nyusi, shuka. Usimwambie mtu. Trinidad ataona anachotaka kuona, hata ukimpa pua ya Bwana Eleuterio. Fanya hivyo kabla kijana hajavuka bahari.

Na sasa niambie jambo moja. Umeishi mtaa mmoja na Anselmo tangu unatambaa na umemsahau. Huyu muuza mikate umemtia ukutani bila picha, bila miraba, mpaka mashimo ya pua. Msichana hakariri pua ya mtu bure bure. Usinijibu kama unaona haya. Nimeshajua.

Shangazi yako,
Elodia


Boyle Heights
21 Julai 1969

Shangazi,

Unanionea. Nilimtazama kwa sababu alikuwa anasimama pale. Ndiyo hivyo tu.

Chano alikuja kuniaga, au kuuaga ukuta, sijui. Alikuwa amenyolewa tayari. Akaniambia, "Niangalizie yule bwana wa juu, asipigane na mtu." Nilitaka kumjibu kitu kizuri na nikamwambia ashike ngazi isije ikateleza. Hayo ndiyo maneno yangu ya kumuaga. Wenzangu wananitania mpaka leo.

Jana nilifuata shauri lako. Mtaa ulikuwa mtupu, kila mtu amekaa mbele ya televisheni kuwatazama wale wanaotua mwezini. Nilichanganya rangi nyumbani kwenye kopo la maziwa, nikachukua brashi ndogo na ngazi ya kaka. Nilipokata kona ya bucha nikamkuta Mama Anselmo amekaa juu ya kreti, na mshumaa wake umewaka miguuni pa ukuta.

"Hutazami mwezi, Mama?"

"Mwezi una watu wake. Mimi nina wangu. Na wewe, ngazi ya nini Jumapili?"

Nikamwambia nataka kurekebisha kidogo. Pua.

"Pua ina nini?"

"Haijakaa sawa, Mama."

Alisimama akaja mpaka karibu yangu. Alishika mkono wenye brashi, si kwa nguvu. "Mwanangu," akasema, "waliniletea sanduku limefungwa. Wakaniambia nisilifungue, ni amri. Nikazika sanduku. Mpaka leo sijui nilizika nini. Huyu ndiye aliyerudi. Usimguse."

Nikabeba ngazi nikarudi nyumbani. Rangi imekauka kwenye kopo.

Najua utakasirika. Lakini ungekuwepo, ungefanyaje? Jambo moja linanituliza kidogo. Mama Chano anapita ukutani kila asubuhi akienda dukani kufungua, na hajasema kitu. Hata hatazami juu, anatazama njia yake. Nadhani hajamtambua. Ukiwa karibu, uso ule ni mabaka ya rangi tu, lazima uwe ng'ambo ya barabara ndipo uone mtu.

Otilia


Vietnam
3 Desemba 1969

Dada Otilia mwenye brashi,

Mimi ni Marehemu Chano. Hilo ndilo jina langu huku sasa, na kosa ni lako.

Mama alinitumia kipande cha gazeti cha ile siku mlipozindua ukuta, Siku ya Wafu. Mwalimu Fidencio amesimama mbele na mikono kifuani kama aliujenga yeye, na nyuma yake nani? Mimi, meno nje. Chini wameandika Anselmo Rentería. Nilikibandika juu ya kitanda changu kwa kujidai, na kabla ya chakula kambi nzima ilikwisha pita. "Quezada, ulikufa lini wewe?" "Marehemu, pitisha chumvi." "Msimpe zamu Marehemu, yeye kashamaliza." Kuna jamaa mmoja wa Fresno anapiga ishara ya msalaba kila nikipita. Nimecheka sana. Siku ya kwanza.

Sikiliza, usije ukajitesa. Nilijua tangu Juni, mimi si kipofu. Mwanzoni nilitaka kukwambia ufute, kisha nikamwona yule mama kwenye sanduku. Mimi na Anselmo tulisoma pamoja. Nilipokosa viatu vya kwenda kwenye dansi ya shule alinipa vyake, yeye akabaki nyumbani. Sasa yeye amekosa uso, nimempa wangu. Tumelipana. Uache.

Ila nikirudi, unanichora tena. Upande wa pili, wa walio hai, karibu na tanuri, na mkate mkononi. Na uninenepeshe kidogo, maana nimekonda huku mpaka suruali inanikimbia. Mwambie Mwalimu ni amri ya jeshi.

Mama haandiki kitu kuhusu ukuta. Ananiandikia bei ya unga na nani kaoa. Lakini nilipokifungua kile kipande cha gazeti niliona amekikunja pembeni pembeni, kwa shida, ili mkunjo usinipite usoni. Kwa hiyo sijui anajua nini. Mtazametazame kidogo, tafadhali, ukipita.

Na swali la mwisho. Pua yangu uliipataje vile? Mimi mwenyewe nikijitazama kwenye kioo siioni sawasawa. Nijibu, usione haya.

Chano


Boyle Heights
8 Februari 1970

Chano,

Samahani kwa kuchelewa. Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Leo nimejiambia hii itaondoka hata kama ni mbaya.

Nafasi yako ipo. Mwalimu alibisha, akasema ukuta umekwisha na umepigwa picha, hauongezwi kitu. Nikamjibu kwamba ukuta ni wa kila anayepita, na wewe umepita sana. Sijui nilitoa wapi ulimi. Wenzangu wakapiga makofi, "Haya, bubu kaongea!" Akakubali. Ni kushoto kwa tanuri. Nimeshapaka rangi nyeupe ya chini na kuchora miraba, bado tupu. Watu wanauliza nani anakuja hapo, nami nasema mtamwona.

Mwalimu amepata kazi ya kufundisha chuoni, kaskazini. Alikwenda na picha za ukuta wetu, wakamchukua. Anasema atakuwa anakuja kila baada ya wiki kadhaa. Mimi nimeanza kazi kwenye karakana ya kushona, mjini. Nashona kola siku nzima.

Mama yako nimemtazama kama ulivyoniagiza. Hajambo. Jumamosi nilinunua mikate, akaniongezea mmoja bila kusema neno, akanitazama usoni kuliko kawaida. Sikujua niseme nini, nikasema asante.

Sasa jibu. Ulikuwa unasimama kushoto mwa ngazi, jua la saa tisa likikupiga upande mmoja, ukila ile mikate uliyosema umetuletea sisi. Nami nilikuwa nakutazama. Kila siku. Hata kabla ya Anselmo, nikiosha brashi. Hilo ndilo jibu, na tafadhali usiwasomee wale wa kambini.

Niandikie unataka mkate wa aina gani mkononi, ili nijue rangi.

Otilia


El Paso
24 Februari 1970

Otilia mwanangu,

Mama yako amenipigia simu kwa jirani. Anasema kijana wa mikate alikufa tarehe tano, na habari ziliwafikia wiki moja baadaye. Anasema huli, unakwenda kazini na kurudi, na ukiulizwa unasema kichwa.

Mimi ndiye niliyekuandikia habari za Babu na mabati. Nakuomba uzitupe. Babu alikuwa mzee wa kijijini na mimi ni mwanamke wa midomo. Ukuta haukumwita mtu. Waliomwita wana majina na ofisi, na barua zao zina muhuri. Wewe ulishika brashi tu.

Lakini nisikilize kwa hili moja. Watakuja kukuomba umchore. Kataa. Sema mkono unauma, sema karakana inakumaliza, sema lolote. Usipande pale tena.

Elodia


Boyle Heights
12 Aprili 1970

Shangazi,

Nimepanda.

Ulisema watakuja, na kweli walikuja, ila nilidhani atakuja Mwalimu. Alikuja Mama Chano mwenyewe, baada ya maziko, na gauni jeusi na mkoba kifuani. Mama akaenda jikoni kuchemsha kahawa. Tukabaki wawili.

Alitoa picha ya Chano na sare, akaiweka mezani katikati yetu.

"Fidencio anasema nafasi iliyobaki ni moja, karibu na wa Trinidad. Utamchora?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mara ya pili."

Nikaitazama ile picha mezani. Akaendelea kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu mikate.

"Nilimjua siku ile ile. Nilikuwa ng'ambo ya barabara na sinia kichwani. Nikamwona mwanangu, mkubwa kama mlango, katikati ya maiti za watu. Niliyemwacha nyumbani amelala! Nikavuka nije nikurarue. Nikamkuta Trinidad juu ya sanduku anampapasa mdomo. Nikajiambia, Ofelia, ni rangi tu hiyo, nyamaza. Nikanyamaza. Nimepita pale kila asubuhi tangu Juni natazama chini, nisije nikamtazama nikamchulia kifo."

"Nitakwenda kumwambia Mama Anselmo," nikasema. "Leo. Nitamwambia ukweli, nibadilishe jina."

"Utamwambia nini? Kwamba amekuwa akiwasha mishumaa kwa mtoto wa mwenzake? Kwamba wake hayupo popote?" Alifunga mkoba. "Mimi nilichonacho ni picha sanduku zima. Yeye ana ukuta. Mchore tu. Na safari hii, Otilia, mchore vizuri."

Mama akaingia na kahawa, akamkuta Mama Chano anasema habari za bei ya unga.

Niliichora miraba juu ya picha yake, nikaichora ukutani. Kwenye mraba wa kwanza tu nilielewa. Nikimchora vizuri, nyuso zitakuwa mbili, bega kwa bega, na ni uso ule ule. Mtoto wa shule angeona. Mtaa mzima ungesimama ng'ambo ya barabara na kuuliza, na Mama Anselmo ana masikio hata kama hana macho. Angempoteza mwanawe kwa mara nyingine, na safari hii ningekuwa mimi niliyemchukua.

Kwa hiyo nilimharibu, Shangazi. Kwa makusudi, mraba kwa mraba, na picha yake halisi ikiwa imebanwa mbele yangu kwa misumari minne. Nilimteremshia kofia ya chuma mpaka macho yakaingia kivulini. Nikafunga mdomo. Nikapanua taya. Nikampa pua ya mtu ambaye hayupo. Nilimjua vizuri kiasi kwamba nilijua kila mahali pa kukosea.

Mwalimu alikuja mwisho wa wiki kuutazama. Alirudi nyuma mpaka kwenye uzio, akashika ndevu. "Sasa umekua," akaniambia. "Yule wa kwanza alikuwa wa kalenda. Huyu ana uzito, huyu wangemkubali hata Mexico." Wenzangu wakanipiga mgongoni. Anataka niende naye kaskazini, kuna ukuta wa shule. Nilisema sitaweza.

Padri aliubariki Jumapili baada ya misa. Waliweka maua, wakaimba. Mama Chano alisogea peke yake mpaka mbele ya uso mpya. Chini yake nimeandika Feliciano Quezada kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Akatazama juu muda mrefu. Kisha akanigeukia, macho makavu.

"Huyu ni nani?"

Alisema taratibu, nikasikia mimi tu.

"Ni Chano, Mama."

Alinitazama kidogo tena. Akapiga hatua moja kulia, akainama, akaweka maua yake chini ya ule uso mwingine. Mama Anselmo alikuwa hapo hapo kwenye kreti yake. Akapapasa mpaka akapata mkono wake.

"Ni wewe, Ofelia? Mungu akulipe, umemkumbuka na wangu. Na wako wanasema ametoka vizuri sana."

"Ametoka vizuri," akasema Mama Chano.

Tangu siku hiyo hapiti tena ukutani. Anazungukia darajani kwenda dukani, na miguu yake inavimba. Tukikutana kanisani anamsalimu Mama, anamuuliza hali ya mgongo wake, na mimi ananiruka kama kiti kilicho wazi. Sasa mikate ananunua kaka. Ile miraba niliyoichora karibu na tanuri nimeifuta. Barua yangu ya Februari sijui ilifika wapi na nani aliisoma. Kuna saa karakanani mashine inakwenda na nakumbuka nilichomwandikia mwisho, nauona ujinga wake.

Nilidhani nikishakuandikia yote nitajisikia vyema, kama ilivyokuwa mwaka jana. Hapana.

Mama anasema unakuja mwezi wa tano, kwa Siku ya Akina Mama. Watakupeleka ukutani, kila mgeni anapelekwa. Wewe utajua yupi ni yupi. Nakuomba usisimame mbele ya mmoja kuliko mwingine. Mama Anselmo atakuuliza kama mwanawe anafanana naye, mwambie wanafanana kidevu. Mama atajisifu kwamba nimemchora vizuri kijana wa Ofelia, mwambie ndiyo. Na ukikutana na Mama Chano, nunua mkate, lipa, ondoka. Najua mdomo wako, Shangazi, na najua unanipenda, na hayo mawili yakikutana unaweza kumwambia kitu cha kunitetea. Usinitetee. Usimwambie Mama, usimwambie padri, usimwambie hata Mjomba. Mama Chano hatasema. Usiseme na wewe.

Otilia